Aliyejaza Katikati

Mama Kidoti aliinua macho kutoka kwenye cherehani akamwona mwanawe mlangoni. Akainama kukata uzi, akainua macho tena: mtoto yuko mezani, kikombe mkononi. Hakusikia hata kandambili. Akajiambia ni uchovu, akaendelea na pindo.

Baba Kidoti hakuona kitu, na angeonaje? Alikuwa chumba cha pili anajirekodi. Bwana huyu alijiita Mtaalamu, jina alilojipa mwenyewe baada ya kuona hakuna wa kumpa. Alitengeneza katuni kwenye kompyuta, lakini siku hizi alipenda zaidi kuwafundisha watu mtandaoni siri za kuzitengeneza kuliko kuzitengeneza. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Wapenzi watazamaji," sauti yake ilipenya ukutani, "unaweka pozi la mwanzo, mhusika yuko mlangoni. Unaweka la mwisho, yuko mezani. Hatua za katikati ndizo kazi ya mwanamume."

Mwanamume gani! Hatua hizo zilimshinda tangu zamani. Akiiachia kompyuta izijaze, mhusika anateleza kama sabuni kwenye karai. Ndipo siku moja ya wiki iliyotangulia, kamera inarekodi, alicheka akasema, "Katikati namwachia yeyote anayetaka, aje ajaze." Akaenda zake kula. Aliporudi alikuta katuni ya msichana inatembea: kisigino kwanza, bega linashuka, na kabla ya kugeuka anaruka kidogo kwa mguu wa kushoto. Watu wakammiminia sifa, naye akazipokea zote bila haya.

Mama Kidoti alipoonyeshwa katuni hiyo, mkasi ulimtoka mkononi. Kuruka kule kulikuwa kwa mwanawe. Na mwanawe siku hizi alikuwa haruki tena.

"Baba Kidoti, huyo ni mtoto wetu."

"Wewe shona nguo. Sanaa huijui."

"Ulimwita nani aje ajaze?"

"Punguza sauti," alinong'ona, jicho kwenye kompyuta. "Hata nikiizima, bado anatembea. Namsikia humo ndani."

Kumbe alijua! Alijua, na bado alikuwa anatafuta taa nzuri ya kurekodia somo linalofuata. Mama Kidoti alimdharau mumewe siku hiyo kuliko siku zote, na dharau hiyo peke yake ndiyo iliyomzuia asizirai, maana sasa nyumba nzima ilinuka nywele zilizoungua, na spika zilizochomolewa kwenye umeme zilitoa mchakacho wa miguu midogo, na pengo la mtoto kati ya mlango na meza lilizidi kurefuka, hadi asubuhi moja Kidoti aliondoka mlangoni na chai ikapoa kabla hajafika mezani, na alipofika alikuwa baridi mwili mzima, akauliza taratibu, "Mama, yule mtu wa kule katikati, mbona hana uso?"

Mchana huohuo Mama Kidoti akamleta mganga, bila kuomba ruhusa ya mtu. Mganga, mwanamke mnene asiye na subira, alifukiza chumba cha kompyuta, akatega sikio, kisha akamgeukia Mtaalamu.

"Jini huyu hakuvamia. Umemwalika, ukampa kazi, na ujira wake, hatua za mtoto wako, amejichukulia. Futa kila nakala. Halafu waambie watu wako kwamba si wewe uliyefanya."

"Kufuta nitafuta," alisema Mtaalamu. "Lakini kuwaambia..."

"Baba Kidoti!"

Akafuta. Akajirekodi akikiri, kwa sauti ya mtu anayemeza mchanga. Harufu ikakatika. Kidoti akainuka kitandani alikolazwa tangu asubuhi, akatembea hatua moja baada ya nyingine, akaruka kwa mguu wa kushoto, na mama yake akalia kwa nguvu bila kumwonea mtu aibu.

Nyumba ikatulia. Kidoti alirudi kutembea na kandambili zake zikapiga kelele kutwa nzima, na mama yake hakumkemea hata mara moja.

Kisha alasiri moja, Mama Kidoti akiwa kwenye cherehani, alisikia kicheko alichokifahamu chumba cha pili. "Wapenzi watazamaji, nimerudi! Mlilia sana kuhusu yule msichana. Bahati yenu, nilibakiza nakala moja kwenye simu."

Nywele zilizoungua zikanuka. Kidoti alikuwa mlangoni.

"Kaa hapohapo, mwanangu! Usije!"

Lakini mtoto alikuwa ameshainua mguu. Mama Kidoti akaikodolea macho meza, akingoja, bila kupepesa, mpaka machozi yakamtiririka yenyewe. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mezani hapakuwa na mtu.

Chumba cha pili miguu midogo ilikuwa inatembea, kisigino kwanza, na Mtaalamu alikuwa anawashukuru watazamaji.