Majiko Mawili Hatuyawezi

"Kaka, hilo kopo lako limebonyezwa chini."

Hamphrey aliinua macho. Ilikuwa Jumamosi ya msimu wa kahawa, soko la Mbinga limefurika, watu wana hela na kila mtu ana haraka zake. Mbele ya meza yake ya usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, alikuwa amesimama dada mmoja mrefu, gauni la kitenge cha bluu limemkaa sawasawa, futi ya fundi cherehani inaning'inia shingoni.

"Limebonyezwa na nani, dada yangu? Kopo ni kopo."

"Lilete."

Akampa. Sijui kwa nini alimpa, maana muuza usipa mwenye akili zake hatoi kopo lake hovyo. Dada akatoa mkasi mkobani, akaingiza mpini ndani ya kopo, akagonga mara mbili. Kitako kilichokuwa kimesukumwa juu kikarudi mahali pake, pa! Akina mama waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

"Sasa nipimie."

"Utanifilisi, dada."

"Bora ufilisike wewe. Mimi nina cherehani ya kukodi, wewe una ziwa zima."

Hamphrey akapima, akaongeza na konzi moja juu.

"Hiyo nyongeza ya nini?"

"Ya namba ya simu."

"Namba yangu hainunuliwi kwa usipa."

"Basi nielekeze unaposhonea. Nina suruali imechanika."

"Imechanika wapi?"

"Bado. Nitaichana leo."

Jumatatu alifika na suruali imechanwa goti zima, mpumbavu yule, na Hedwiga akacheka mpaka akaegemea mashine. Ndivyo walivyoanza. Hedwiga Ndunguru, binti wa mkulima wa kahawa wa huko milimani, aliyekuwa amepanga chumba na fremu ya ushonaji mjini. Na Hamphrey, Mwanglikana wa Kihagara, kijiji cha ufukweni, aliyekuwa akipandisha usipa kutoka ziwani kila wiki.

Hedwiga hakumficha kitu. "Nisikilize vizuri, baba. Mimi sihamii kwa mtu. Wenzangu wengi wamehamia tu, wamezaa, na Jumapili wanakaa wanaangalia wenzao wakienda kupokea komunyo. Mimi naimba kwaya. Nitatoka kwetu kwa ndoa, mbele ya padre, au sitoki."

"Kwa ajili yako hata Misa ya Kilatini nitaisimama mpaka mwisho."

"Utasinzia."

"Utanifinya."

Wakaanza kuweka akiba kwenye kikoba cha Hedwiga, yeye chake, Hamphrey chake, kwa ajili ya mahari na siku yenyewe. Kufikia Machi ilikuwa laki sita, na zaidi ya nusu ilikuwa jasho la Hamphrey.

Halafu vyuma vikakaza. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, malipo ya pili ya chama cha ushirika hayakuja, na Mbinga kahawa ikikohoa mji mzima unaumwa. Watu waliacha kushona nguo mpya. Mtu analeta gauni la mwaka juzi ligeuzwe, na hela ya kuligeuza anaomba akuletee mwezi ujao. Kwenye usipa ndiyo usiseme. Ushuru wa gunia juu, nauli juu, na mvua zikaozesha mzigo mzima wa Hamphrey ukiwa bado kwenye vichanja vya kukaushia. Akashuka Kihagara kwa mama yake, eti kutafuta mzigo mwingine.

"Huko hali ikoje, mpenzi?" Hedwiga aliuliza kwenye simu kila jioni.

"Shwari. Na huko?"

"Shwari kabisa. Nashona mpaka vidole vinauma."

Waongo wote wawili. Hedwiga alikuwa amekunywa uji mchana, na kodi ya fremu ilikuwa inamdai miezi miwili.

Mwanzoni mwa Mei alipiga simu ikapokelewa na mwanamke.

"Mwenyewe hayupo. Wewe nani?"

"Na wewe nani?"

"Hilo halikuhusu. Simu yake iko kwangu. Kama una shida naye, mwambie aje amalizane na mimi kwanza."

Ikakatwa. Hedwiga alipiga tena mara saba, haikupokelewa. Alikaa kwenye kiti cha cherehani. Ana mke! Kumbe muda wote ana mke Kihagara, na mimi huku namwekea akiba! Alilia kwa uchungu, kisha hasira ikamkausha machozi.

Na mambo yanavyojua kufuatana, kesho yake baba yake akapiga. Mzee Hyasinti hakuwa mtu wa kuomba, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Binti yangu, kahawa ya mwaka huu niliiuza magoma."

Hedwiga alifumba macho. Magoma ni kuuza kahawa ikiwa bado maua. Njaa ya Novemba inakubana, mfanyabiashara anakuja na mahindi na hela kidogo, na msimu ukifika kahawa inachumwa na yeye.

"Jumamosi anaingiza vibarua shambani. Amekubali nikimrudishia laki sita ananiachia. Mama yako halali. Nimejaribu kote."

Kama simu ile ya jana isingekuwepo, Hedwiga angesema hela si yangu peke yangu, baba. Lakini ya nani, ya mwanamume mwenye mke? Akaenda kwa mwenyekiti wa kikoba, akachukua zote, akamtumia baba yake. Hata shilingi moja ya Hamphrey hakuibakiza.

Wiki tatu alivumilia. Ya nne akavaa lile gauni la bluu, akashuka Kihagara akamwone huyo mke kwa macho yake. Ukweli ni kwamba alikuwa anataka kumwona Hamphrey. Pale kituoni alimuuliza bodaboda ni mwanamke gani anayekaa na simu ya Hamphrey, akaonyeshwa duka dogo la Mama Getrude.

Mama Getrude alikuwa mtu mzima, miwani puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaweka au unakomboa?"

"Sijakuelewa."

Mama akavuta droo. Mlikuwa na simu kama ishirini, kila moja imefungwa mpira na karatasi yenye jina. "Watu wanaweka bondi, nawapa unga na mafuta. Zikilia sana napokea, maana zinanipigia kelele. Wako nani?"

"Hamphrey," alisema Hedwiga.

"Aa! Wewe ndiye wa Mbinga! Yule kijana huja kila Jumapili kuniomba nimpe aangalie kama umepiga. Nilimwambia ulipiga mara saba, akaondoka bila kuaga."

Hedwiga alimkuta ufukweni anashona nyavu za watu kwa ujira wa unga. Alikuwa amekonda, shati limemning'inia. Alipomwona alisimama, sindano mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?" Hedwiga aliuliza.

"Nikuambie nini? Kwamba nimekula simu? Mwanamume gani anayemwambia mchumba wake amekula simu? Nilisema Juni kikoba kinavunjwa, nitachukua elfu hamsini tu nikomboe, nikupigie nikuombe radhi. Zinazobaki nije kwa mzee na mshenga."

"Hamphrey, hakuna hela."

"Hakuna vipi?"

Akamweleza yote, amesimama, bila kujipendelea. Hamphrey alisikiliza mpaka mwisho. Akaketi mchangani.

"Zote, Hedi?"

"Zote."

"Ungenitukana. Ungekuja kunipiga makofi. Hela yetu, Hedi! Nililala njaa nisiiguse!"

"Najua. Nipige mimi makofi, basi."

Hakumpiga. Alilia, mwanamume mzima, na Hedwiga akaketi karibu naye akalia pia. Waliombana msamaha mpaka jua likawa kali.

"Nipe shikizo lako hilo la juu nilishonee," Hamphrey alisema hatimaye akifuta uso. "Linataka kukatika. Fundi gani wewe?"

"Fundi wa nguo za watu."

Kicheko kilikuwa chembamba, lakini kilikuwa kicheko. Halafu Hedwiga akasema alichokuwa amekikataa tangu usichana wake.

"Fremu nimenyang'anywa, cherehani nimeirudisha. Nimebaki na chumba. Wewe unakula kwa mama yako naye hana. Majiko mawili hatuyawezi, Hamphrey. Twende tukakae."

"Na ndoa?"

"Nitamwomba baba."

Alipiga simu palepale. "Baba, ile laki sita ilikuwa mahari yangu. Hamphrey ndiye aliyeitafuta. Umekombolea kahawa. Tupe ridhaa tukamwone padre."

Mzee Hyasinti alikataa. "Ile ni deni, nitalipa kahawa ikilipwa. Mahari huletwa na mshenga, wazee wakiwa wamekaa. Hela iliyoingia kwenye simu mimi siiti mahari. Na ukihamia kwake kabla, usinihesabu kwenye ndoa yako."

"Baba, kahawa italipwa lini?"

"Sijui, mwanangu," alisema mzee, na hilo lilikuwa kweli.

Njaa haisubiri kahawa ilipwe. Wakahamia chumba kimoja Mbinga, bila ndoa. Hamphrey anapakia magunia ya mahindi, Hedwiga anashona kwa mkono. Wanakula mara mbili kwa siku, na wanapendana, hilo asiwadanganye mtu. Wiki ya pili Asteria, mwalimu wa kwaya, alibisha hodi huku anaangalia chini. Alikuja kuchukua sare ya kwaya. Hedwiga alimpa imepigwa pasi. Alikuwa ameishona mwenyewe.

Jumapili alikwenda Misa kama kawaida, na Hamphrey akaenda naye. Ulipofika wakati wa komunyo benchi lao lote likasimama. Hedwiga akageuza magoti pembeni, wenzake wakapita mmojammoja, wengine wakimgusa bega.

"Tutoke nje?" Hamphrey alinong'ona.

"Hapana."

"Hedi, msimu ujao nitapata—"

"Nimekuchagua mwenyewe na sijutii. Ila leo usiniambie chochote."

Walikaa wawili peke yao kwenye benchi refu mpaka watu waliporudi.