Mashuka ya Wasiojigeuza

Asubuhi ile, kama asubuhi zote za likizo, Chiriku aliamshwa na mama yake kwa kuvutwa kidole gumba cha mguu. Jina la Chiriku alipewa na wajomba zake kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Tangu alipojua kusema, hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake. Lakini siku hizi hata mdomo ulikuwa umechoka. Aliamka kimyakimya, akanawa uso, akavaa viatu bila kufunga kamba.

"Jikaze, mwanangu. Mvua imepumzika kidogo, tuwahi," alisema mama.

"Mama, si jana tu tumetoka huko?"

"Na wagonjwa walilala jana, na leo watalala."

Mama yake alikuwa mfuaji wa hospitali. Alikuwa ameteleza kwenye sakafu yenye povu, kifundo cha mkono wake wa kulia kikateguka, na kwa kuwa hakutaka kukaa nyumbani, aliomba ruhusa binti yake aje amsaidie wakati shule zimefungwa. Msimamizi alikubali shingo upande. "Akunje tu," alisema. "Dawa asiguse, mashine asiguse, na maswali yake abaki nayo."

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, ukishapita jiko na mahali pa kuchomea taka. Humo ndani kuta zilitoa jasho kama watu, na mashine zilinguruma hata ukitaka kusikilizana na mwenzako lazima upaze sauti. Msimamizi mwenyewe walimwita Bwana Mvuke, kwa kuwa alishinda kwenye pasi kubwa ya mvuke. Wafuaji walidai kwamba hata akiwa sokoni na mkewe huonekana akifuka.

Kazi ya Chiriku ilikuwa kukunja mashuka. Ncha kwa ncha, nyosha, kunja, weka. Ncha kwa ncha, nyosha, kunja, weka. Lundo lilipoanza kupungua, mkokoteni mwingine uliingia umejaa mpaka juu. Mabega yalimuuma, na miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Mama," alisema, "tunafua, wanachafua. Wanachafua, tunafua. Kazi hii inaisha lini?"

"Haiishi."

"Basi wewe unaifanyia nini?"

Mama alisimama na shuka mkononi. Chiriku alimwona akitafuta jibu na kulikosa, kisha uso ukamshuka.

"Kunja, mwanangu," alisema. "Tumalize."

Wiki hiyo mambo yalizidi kuwa magumu, maana mashine ya kukaushia iliharibika na mvua haikutoa nafasi. Mashuka yalianikwa barazani, yakaning'inia siku nzima bila upepo. Bwana Mvuke alitoa amri: shuka lenye unyevu lisikunjwe, lipelekwe kwake likapigwe pasi kwanza. Kwenye pasi foleni ikawa ndefu.

Jioni moja mama alikwenda kubadilishiwa bandeji, akamwachia Chiriku lundo la mwisho. Chiriku alishika shuka la kwanza, likawa kavu. La pili nalo kavu. Yaliyofuata yalikuwa na ubaridi wa maji. Aliangalia foleni ya pasi, akaangalia miguu yake, akahisi machozi ya uchovu yanamlengalenga. "Shuka ni shuka," alijiambia. "Litakaukia huko huko." Akayakunja upesi upesi, mikunjo ikaenda mrama, akayafunika kwa makavu juu ili mtu asigundue.

Kesho yake, kabla hawajaanza vizuri, muuguzi mmoja aliingia amekumbatia shuka. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa kuwa alikuwa amekesha kazini na zamu yake ilikuwa bado haijaisha.

"Nani alikunja hili?" aliuliza.

Bwana Mvuke aliacha pasi yake na kuja kulipapasa shuka. Uso ukamkunjamana. "Si nilisema? Si nilisema jamani, likiwa na maji lije kwangu?"

"Labda ni mimi," alisema mama haraka. "Mkono huu hausikii vizuri, pengine sikujua kama..."

Ingekuwa rahisi Chiriku kukaa kimya. Lakini alimwona mama yake amesimama na bandeji yake, anajibebesha kosa lisilo lake, akashindwa kuvumilia.

"Si mama, Sista. Ni mimi. Nilijua lina unyevu. Nilikuwa nimechoka."

"Sikuja kugombana na mtu," alisema muuguzi. "Nguvu hizo sina. Njoo unisaidie kutandika, ujionee mwenyewe. Na wewe mama, njoo."

Walipita ukumbi mrefu wenye harufu ya dawa. Kwenye mlango wa wodi mama alisita, akashika fremu ya mlango kama anayetaka kurudi. Miaka yote ya kazi yake mashuka yalipokelewa na kutolewa kupitia dirisha dogo la wodi. Wafuaji hawakuwa na sababu ya kuingia wodini.

"Mama, vipi?"

"Hamna kitu. Twende."

Kwenye kitanda cha mwisho alikuwa amelazwa msichana wa rika la Chiriku. Alikuwa amegongwa na pikipiki akavunjika mfupa wa paja, na mguu wake ulikuwa umevutwa kwa kamba yenye uzito mwishoni mwa kitanda. Wauguzi walimwita Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa amekaa wodini muda mrefu kuliko wote na hakuna habari iliyompita.

"Ndiye huyu aliyenilaza kwenye dimbwi?" aliuliza Mwenyekiti. "Usiku nilidhani nimejikojolea. Nikaanza kutunga uongo wa kumwambia Sista."

Chiriku alitaka kucheka akashindwa. Muuguzi alimwinua mgonjwa taratibu upande mmoja, na chini ya mgongo wake pakaonekana ngozi nyekundu, pana kama kiganja, imeanza kuchubuka.

"Mimi na wewe tukilala vibaya tunajigeuza," muuguzi alieleza. "Huyu hawezi. Mkunjo mmoja wa shuka unamgandamiza palepale mpaka asubuhi. Ukiongeza na unyevu, ngozi inalainika, inachubuka, kidonda kinaingia. Kidonda cha hivyo hukaa muda mrefu sana kupona. Nimemgeuza kila nilipopata nafasi, lakini wodi nzima niko peke yangu."

"Ukilalia mkunjo ni kama umelalia fimbo," alisema Mwenyekiti. "Mwanzoni haiumi. Halafu unaanza kuifikiria. Halafu hufikirii kitu kingine."

Chiriku alitamani kukimbia, lakini pia alitamani sana kuliona lile shuka limetandikwa sawasawa. Walitandika shuka kavu nusu kitanda, wakamgeuza mgonjwa, wakavuta nusu ya pili. Chiriku alilivuta kila upande mpaka likanyooka, na mama akapitisha kiganja cha mkono wake mzima taratibu, akitafuta kunyanzi na kuiondoa. Mwenyekiti alishushwa, akafumba macho.

"Aa," alisema. "Hapo."

Neno lile lilimwingia Chiriku mahali ambapo hakujua kama panaingilika. Aliondoka wodini akitembea polepole nyuma ya mama yake.

Mchana alimwendea Bwana Mvuke. "Naomba kusema jambo moja tu."

"Moja lako ni kumi."

"Wagonjwa wasioweza kujigeuza si wengi. Mashuka yao tuyatenge. Tuyatie uzi mwekundu pembeni, yapite kwenye pasi kabla ya mengine yote, na mimi nitayakunja mwenyewe, nikiyakagua. Mengine yasubiri."

Bwana Mvuke alikuna kidevu. Alilalamika kwamba pasi ni moja, mikono ni michache, na watoto wa siku hizi wanataka kuongoza serikali. Halafu akavuta shuka la kwanza kutoka kwenye lundo. "Uzi mwekundu uko wapi?" akauliza.

Msidhani kwamba tangu siku ile kazi ilikuwa nyepesi. Mikokoteni iliendelea kuja, mvua iliendelea kunyesha, na Chiriku aliendelea kurudi nyumbani hoi. Siku nyingine alilala na kijiko mkononi. Lakini kila alipofika kwenye mashuka yenye uzi mwekundu alinawa mikono upya, akayapapasa moja baada ya jingine, na lenye ubaridi hata kidogo alilirudisha bila kunung'unika. Kila alipopata nafasi alikwenda kumsaidia muuguzi kutandika. Wekundu kwenye mgongo wa Mwenyekiti ulififia, ngozi ikafunga, na muuguzi akasema hatari imepita.

Siku ya mwisho ya likizo, kazi ilipokwisha, mama na binti waliketi kwenye benchi la barazani kupumzisha miguu.

"Uliniuliza swali nikashindwa kulijibu," alisema mama. "Uliniuliza kazi hii naifanyia nini."

"Nilikuwa nimechoka tu, mama."

"Hapana, uliuliza vizuri. Nilikuwa nimesahau. Ile wodi nilikuwa nimewahi kuingia, kabla sijaajiriwa. Bibi yako alilazwa humo. Hospitali wakati huo ilikuwa na mfuaji mmoja, naye mgonjwa. Bibi yako alilalia shuka lilelile mpaka mimi nikaona haya. Nikalivua, nikalifua kwa mikono yangu, nikalianika juani, nikamtandikia. Alilala siku hiyo kama mtoto. Jirani yake akaniomba naye nimfulie. Na jirani wa jirani. Msimamizi wa wakati ule akaniona, akaniambia, wewe mbona unafanya kazi yetu, njoo tukuajiri."

Alisugua magoti.

"Bibi yako alipofariki niliacha kuifikiria wodi. Nikawa naona mikokoteni tu. Miaka ikapita namna hiyo, nafua kitambaa. Kumbe nilianza kwa kumfulia mtu."

"Na mimi, mama? Mimi nitakuwa mfuaji?"

"Sijui utakuwa nani. Pengine muuguzi, pengine fundi wa kutengeneza vitanda, pengine kazi ambayo mimi siijui hata jina. Lakini nimekuangalia likizo hii. Kuna jambo linakukera wewe kuliko wenzako: mtu kuumia mahali ambapo angeweza kuumia kidogo. Hilo ni lako, hakuna aliyekupa. Kazi yoyote utakayoshika, ulizia kwanza inamfikia nani, halafu hilo lako ulitie humo. Usipojua unamfanyia nani, utaiharibu siku ukichoka, kama ulivyofanya. Na kuchoka, mwanangu, utachoka tu. Mimi sitakudanganya."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Mbele yao mashuka yaliyokauka yalikuwa yameshatolewa kwenye kamba, na baraza ilikuwa tupu.

"Haya, inuka twende nyumbani," alisema mama. "Nimechoka."

"Hata mimi."

"Najua. Leo tumechoka vizuri."