Breki ya Mtambo wa Upepo

Kila jioni, kabla mlango wa uani haujafungwa, mwenye zamu alitakiwa kuangalia taa ndogo iliyo juu ya betri. Ikiwa ya kijani, kila mtu ale raha zake. Ikiwa nyekundu, kila kitu kizimwe isipokuwa mashine ya kutotoa vifaranga. Ndivyo walivyoishi nyumbani kwa shangazi tangu aliposimamisha mtambo wa kuzalisha umeme kwa upepo. Zamani walitumia jenereta, iliyokunywa mafuta bila kushiba na kuwakohoza wote kwa moshi.

Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Msomi. Shangazi alimpa binti wa kaka yake jina hilo la utani kwa sababu hakosi kitabu mkononi. Lakini siku hizo hata kitabu kilimponyoka kwa usingizi. Mtambo ulivuma na kugonga usiku kucha karibu na dirisha lake, na darasani alisinzia mpaka mwalimu akamsimamisha. Hakumwambia mtu.

Alasiri moja, upepo ukiwa mkali, alirudi kutoka shuleni akiwa hoi. Shangazi alikuwa sokoni. Msomi aliuvuta mkono wa breki chini ya mnara wa mtambo, na mapanga yanayozungushwa na upepo yakasimama.

"Nijilaze kidogo tu, kisha niifungue," alijiambia.

Alilala fofofo mpaka asubuhi. Shangazi aliporudi jioni, miguu ikimuuma, upepo ulikuwa umetulia, kwa hiyo hakushangaa kuona mapanga hayazunguki. Taa ya betri haikuangaliwa.

Asubuhi hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Msomi alikwenda uani kimyakimya akafungua breki, lakini mapanga hayakusogea. Ndani, shangazi alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine.

"Yamepoa," alisema kwa sauti ya uchovu, mkono juu ya mayai. "Na yalikuwa karibu kuanguliwa. Mama jirani naye ameniletea yake, nitamwambia nini?"

Fundi aliyeujenga mtambo aliitwa. Aliupima, akakuna kichwa.

"Mtambo ni mzima, mama. Na jana upepo ulivuma vizuri. Sielewi betri imeishaje."

"Basi ung'oe," shangazi alisema. "Nimechoka. Bora nirudie jenereta, tukohoe kama zamani."

Msomi angenyamaza, lawama zote zingeuangukia upepo, ambao hauna mdomo wa kujitetea. Akakumbuka jinsi shangazi alivyokuwa akikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Nilivuta breki jana. Kelele zilinishinda, nikataka kulala."

Shangazi hakuwa hata na nguvu za kufoka.

"Kachemshe maji," alisema.

Walijaza maji ya moto kwenye chupa, wakazifunga kwa vitambaa, wakazipanga kando ya mayai na kufunika kwa blanketi. Kila maji yalipopoa, Msomi aliyabadilisha, macho yakimwasha kwa moshi wa kuni. Fundi alipanda mnarani akakuta boliti imelegea.

"Kuvuma hakutakwisha, lakini kugonga ni ugonjwa," alisema akiikaza. "Mngeniita mapema."

Jioni upepo ulirudi, na siku iliyofuata yai la kwanza likapasuka. Mengine yalifuata, ingawa si yote. Shangazi aliyatenga yale yaliyokufa, na Msomi akalia.

"Nisikilize, mwanangu," shangazi alisema hatimaye. "Upepo hautoi moshi wala haudai mafuta. Lakini una kelele, na huondoka bila kuaga. Nililijua hilo, ndiyo maana nikaweka zamu. Kuchoka si kosa. Kosa lako ni kuficha, ukaacha mayai yalipe. Ukichoka, niambie."

"Nimechoka, shangazi."

"Hata mimi. Kalale. Na vifaranga wakikupigia kelele, hao hawana breki."