Sindano Kutoka Mkononi Mwako

Langoni mwa hospitali, saa ya kuona wagonjwa, cheo ni kiwiko tu. Daktari alikuwa mapumzikoni siku hiyo, gauni la njano, viatu virefu, anamkimbilia shangazi yake aliyelazwa. Katika msukumano ule kisigino chake kikatua juu ya kitu laini.

"Dada," sauti ikasema nyuma ya sikio lake, "huo mguu uliousimamia ni wangu. Ukimaliza kuutumia, naomba."

Akageuka na pole mdomoni, kicheko kikaimeza. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi linakata.

"Umeumia?"

"Sana. Itabidi unipeleke kwa daktari."

"Basi umeshafika."

Jumatatu wakakutana chumba cha upasuaji: yeye ndiye wa kukata, kijana ndiye nesi mpya wa kumpa vifaa. Barakoa zilificha kila kitu isipokuwa macho, na macho, jamani, ndiyo yenye umbea.

Sheria ya pale ilikuwa moja: chenye ncha hakitoki mkono kwenda mkono. Huwekwa kwenye bakuli, mwenzako akakiokota. Lakini mapenzi hayana adabu. Siku moja vidole viligusana juu ya mkasi, vikaona raha. Baada ya hapo bakuli likawa pambo.

Jioni, simu.

"Umekula?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Mwongo wewe!"

"Mwongo wako."

Basi Alhamisi moja, wanashona tumbo la mgonjwa, nesi akanyoosha sindano huku anamtazama machoni. Daktari akanyoosha mkono huku naye anatazama hukohuko. Ncha ikapenya glovu mbili, ikaingia kidoleni.

"Umechomwa?"

"Sijambo. Nipe glovu nyingine."

Akanawa, akamaliza kazi, akaondoka bila kuaga. Mgonjwa yule alikuwa na virusi vya Ukimwi, na wote wawili walijua. Alipaswa kutoa taarifa. Lakini wangemuuliza: sindano ilitoka mkononi mwa nani? Nesi alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, wangemfukuza mchana kweupe. Daktari akachagua kunyamaza, akajifungia chumbani na kidole chake kama mwizi na mali ya watu.

Simu iliita mpaka ikachoka. Aliitamani sauti ile kama mwenye kiu anavyotamani maji, ila alijua akiisikia tu, atasema yote. Akaandika: "Usinitafute." Akatuma, akalia.

Asubuhi mdogo wake Daktari akamfungulia Nesi mlango.

"Shemeji! Mbona sura kama umelamba limau?"

"Dada yako yuko wapi?"

"Ndani. Amenuna tangu jana, hata chaja kaninyima."

Nesi akasimama mlangoni pa chumba, vifungo vya shati vimepishana.

"Kama umenichoka, sema. Kama unaona aibu kupendwa na nesi, sema pia. Lakini kwanza vaa viatu. Dawa ya kinga inangoja siku tatu tu, zikipita ni kutwanga maji kwenye kinu."

"Nikienda watakuuliza."

"Wameshaniuliza. Natoka kwa mkuu wa manesi. Nimemwambia nilikupa mkononi."

"Wewe! Wamekufanyaje?"

"Onyo kali, na upasuaji basi. Nahamia wodi ya watoto."

"Nilinyamaza kwa ajili yako, mjinga wewe!"

"Na mimi nikadhani umeniacha. Basi tuko wajinga wawili. Viatu!"

Kwenye benchi la kliniki Daktari akameza kidonge cha kwanza. Vilibaki vya mwezi mzima, kisha vipimo, kisha vipimo tena.

"Usinisubiri," akasema, anatazama sakafu. "Majibu ya mwisho yako mbali. Yakiwa mabaya je?"

"Kwani mimi nimekuja kuposa majibu?"

Daktari akainua uso taratibu. "Nani ametaja kuposa?"

Nesi akakuna kichwa. Mama mmoja aliyejifanya amesinzia akafumbua jicho.

"Neno limenitoka," Nesi akasema. "Lakini silirudishi."

Kuanzia kesho kungekuwa na ghorofa mbili kati yao. Daktari angeinua macho katikati ya kazi, akutane na macho ya mtu mwingine. Alikuwa ameshaanza kumkosa, naye yuko papo hapo, bega kwa bega.

"Usilirudishe," akamwambia.