Nafasi Saba za Profesa

Kadi ya mia nne na kumi na tatu ilikuwa na mwandiko wake, lakini hakuiandika yeye.

Mama Nukta aliisogeza dirishani. Wino ule ule wa kalamu yake ya kazini, herufi zile zile zilizolala kidogo upande wa kulia kama watu waliochoka. *Ndoo, kujaa kwa: 293.* Aliigeuza nyuma, hakukuwa na kitu. Idadi ya kadi zake aliijua kama alivyojua idadi ya masufuria yake, na Jumamosi alipofunika kisanduku zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Isitoshe, kitabu alichokuwa akikiandalia kadi hizo kilikuwa na kurasa mia mbili themanini na nane tu. Ukurasa wa mia mbili tisini na tatu haukuwepo duniani.

"Uzee huu," alisema, akaichana kadi vipande vinne, akaenda kuwasha jiko.

Alikanyaga maji. Ndoo ya jikoni, ambayo asubuhi aliiacha tupu na kuifudikiza sakafuni, ilikuwa imesimama wima, imejaa mpaka inamwagika. Bomba lilikuwa limekauka tangu juzi. Na maji yale yalinuka udongo mbichi na majani yaliyooza.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri, jua linawaka. Alimwaga maji, akapiga deki, akapika. Mtu mwenye mtoto wa kulisha hana nafasi ya kushtuka vizuri.

Kwenye kampuni ya vitabu alikofanya kazi kwa miaka kumi na minne, walimpa jina la Mama Nukta kwa sababu aliwahi kusimamisha mtambo wa kuchapia, karatasi zimeshaanza kumiminika, kwa ajili ya nukta moja. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, nakala za majaribio, na kuondoa makosa kabla kitabu hakijachapwa. Kitabu kikiwa cha wasomi, ni yeye pia aliyeandaa faharasa ya mwisho: kila jambo na kadi yake, kila kadi na namba za kurasa, zote ndani ya kisanduku cha viatu juu ya meza ya chakula nyumbani, maana ofisini kelele hazimwachi mtu afikiri.

Kitabu hiki kilikuwa mkusanyiko wa insha za profesa mmoja aliyefariki mwaka uliopita. Kilikuwa na sehemu nne: siasa, mazingira, fasihi, na tabia ya binadamu. Ukizitazama juu juu utasema ni vitabu vinne, lakini zote zilizunguka chemchemi moja ya msituni. Kwenye siasa, profesa alieleza jinsi wakubwa walivyotaka kuifunika wajenge bwawa, na jinsi wahandisi watatu walivyoomba uhamisho mmoja baada ya mwingine bila kutoa sababu. Kwenye mazingira, aliuliza kwa nini msitu ule haujapoteza hata mti mmoja wakati mingine yote imekwisha. Kwenye fasihi alichambua nyimbo za wachota maji. Na katika sehemu ya mwisho aliandika sentensi ambayo Mama Nukta aliipenda akaipigia mstari: mtu ni kiumbe asiyevumilia nafasi tupu, akiiona ataijaza, hata kwa kitu kitakachomla.

Nafasi tupu zilikuwepo. Zilikuwa saba. Kila palipofaa kutajwa mwenye chemchemi ile, profesa aliacha weupe wa urefu wa neno moja, kisha sentensi ikaendelea na safari yake.

Msoma prufu akikuta pengo huandika pembeni: swali kwa mwandishi. Lakini mwandishi alikuwa kaburini na kitabu kilikuwa kimechelewa. Mama Nukta akajijibu mwenyewe. Katika daftari la utafiti, ambalo mjane wa profesa alilileta ofisini ili wahakiki majina ya mahali, alilikuta jina limeandikwa mara moja tu, kwa penseli, dogo kama sisimizi. Alilipima kwenye pengo la kwanza. Lilikaa sawasawa, kama kifuniko kwenye chupa yake. Akalijaza mara saba, akajisikia fundi.

Tena prufu husomwa na watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti, na kila mkato na kila nukta anaitaja. Mwingine anafuatisha kwa kalamu. Mwenzake alikuwa likizo ya uzazi. Nyumbani alikuwepo binti yake wa miaka tisa, msomaji hodari kuliko wakubwa wengi wa ofisini, na baba wa mtoto ni dereva wa malori, huonekana mara mbili kwa mwezi. Basi Jumamosi ile mama alimkalisha binti mezani, akampa kurasa saba zilizosahihishwa.

"Jina gani hili, Mama? Linateleza mdomoni."

"Soma, usichambue. Kuchambua nalipwa mimi."

Mtoto akalisoma kwa madaha, mara saba, pamoja na mikato yake.

Jumapili, siku tatu baada ya ile ndoo, ndani ya kisanduku kulikuwa na kadi nyingine. *Mtoto, kiu ya: 296.* Mama Nukta alikuwa bado ameishika alipomsikia binti yake jikoni, anakunywa. Alikunywa bilauri, akajaza, akanywa tena, bila kuvuta pumzi katikati. Alipofika ya sita mama alimpokonya.

"Unakunywa kama ngamia! Umekula nini?"

"Sijala kitu. Nina kiu tu, Mama."

Pumzi ya mtoto ilinuka majani yaliyooza.

Jumatatu ofisini, mpanga kurasa, kijana mwembamba waliyemwita Milimita, alimwita kando na kushusha sauti.

"Dada, njoo uone, halafu usiniambie nimelewa, maana ni saa tatu asubuhi." Alimpa prufu mpya, moto kutoka kwenye mashine. "Nimezitoa mara nne. Kurasa mia mbili themanini na moja ni kavu. Hizi saba zinatoka zimelowa. Na si ukurasa mzima. Gusa hapo."

Mama Nukta aligusa. Karatasi ilikuwa imelowa mahali pamoja tu, kwa urefu wa neno moja.

"Labda mashine," alisema.

"Mashine ijue kusoma?" Milimita hakucheka. "Mimi Jumatatu ijayo nakipeleka mtamboni, nakala elfu mbili. Niambie kama nisikipeleke."

Alizikunja zile prufu, akazitia mkobani. Alirudi nyumbani akahesabu kwa vidole. Kitabu kiliishia ukurasa wa mia mbili themanini na nane, na alikimaliza Jumamosi. Jumapili ni themanini na tisa. Alhamisi, siku ya ndoo, tisini na tatu. Jumapili ya kiu, tisini na sita. Kitabu kilikuwa kinaendelea, ukurasa mmoja kila siku, ndani ya nyumba yake.

Jumatano aliomba ruhusa, akawahi kurudi. Mtoto alikuwa amelala kitandani tangu atoke shule, nywele zimeloa kama aliyetoka kuogeshwa. Mama alikaa mezani na kisanduku mbele yake, hakukifungua. Mtaani watoto walikuwa wanacheza, jirani anasugua sufuria, na katikati ya sauti hizo za kawaida akasikia mtu anasoma, chumbani, kwa sauti ya binti yake, ile ile ya madaha, polepole, bila kuruka alama hata moja, naye akainuka akaenda mpaka mlangoni akidhani mtoto ameamka na amechukua kitabu, akamkuta amelala chali vile vile, macho yamefumba, midomo imebana kama bahasha iliyogundishwa, na sauti bado inasoma, ikitoka kooni au chini ya koo au chini ya kitanda, hakujua, inasema mtoto, mkato, kuchukuliwa kwa, nukta mbili, mia tatu na nne, halafu inarudia, mtoto, mkato, kuchukuliwa kwa, kama msoma prufu anayetaka kuhakikisha mwenzake ameandika.

Mia tatu na nne ilikuwa Jumatatu inayokuja.

Asubuhi yake, binti akiwa kwa jirani, Mama Nukta aligonga mlango wa mjane wa profesa akiwa na daftari kwapani. Mjane alikuwa bibi mfupi, mwalimu mstaafu wa hesabu, na nyumba yake ilikuwa na vitabu mpaka chooni. Alisikiliza hadithi yote bila kupepesa macho. Kisha akauliza swali moja.

"Ulizijaza?"

"Nilidhani amesahau, Bibi."

"Asahau? Alizipima kwa rula, mwanangu. Nilikuwa namwangalia." Mjane aliongea kwa kunong'ona, mchana kweupe, ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Watu wa kule hawalitaji. Walipokuwa wanamsimulia, wakifika pale wananyamaza kwa urefu wa neno, halafu wanaendelea. Mume wangu aliandika kunyamaza kwao. Ndiyo kazi yote ya kitabu. Daftarini aliliandika mara moja tu, eti msomi hawezi kutegemea kumbukumbu. Wiki ile ile kiu ikaanza. Mwisho alikufa hana sauti."

"Mwanangu ana miaka tisa," alisema Mama Nukta.

"Basi sikiliza. Aliyeliandika ndiye alifute. Kila palipo, pasibaki hata kivuli. Rudisha nafasi kama zilivyokuwa. Karatasi zote zilizowahi kulibeba zilete hapa kwangu, na daftari uniachie." Alimshika kifundo cha mkono. "Na mdomoni? Nani alilisoma kwa sauti?"

Mama Nukta aliikumbuka meza ya chakula, mtoto ananing'iniza miguu isiyofika chini, mama mzima anamfanyisha kazi ya ofisi siku ya mapumziko. Aliona jinsi mjane atakavyomtazama.

"Mimi, Bibi. Nilisoma peke yangu."

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Basi ni rahisi, mdomo wa mtu mzima husahau upesi," alisema mjane. "Aliyelisoma asilisome tena. Midomo ikisahau, na lenyewe linasahau njia."

Ijumaa alikaa na Milimita wakafungua nafasi saba, yeye mwenyewe akibonyeza vitufe. Kila jina lilipofutika, mstari ulitetemeka kidogo kwenye kioo cha kompyuta kisha ukatulia. Prufu zikatoka kavu.

"Mama Nukta kuacha pengo kwenye kitabu!" alisema Milimita. "Nitawahadithia wajukuu."

"Utawahadithia ukioa kwanza."

Jumamosi, uani kwa mjane, walichoma kila kitu ndani ya pipa la chuma: prufu za zamani, kadi zote za faharasa, hata vile vipande vinne alivyoviokota kwenye taka, na daftari juu yake. Karatasi kavu zilichemka kama kuni mbichi. Moshi haukupanda, ulimwagika ukingoni mwa pipa, ukatambaa sakafuni mpaka kwenye tundu la maji machafu, na kila ukurasa kati ya zile saba ulipoungua, kwenye tundu lile kulisikika kitu kinameza. Mama Nukta alihesabu. Saba. Daftari lilipoungua, mara ya nane. Mjane alimwaga majivu ya moto juu ya tundu, akaligongea kifuniko kwa nyundo.

Jumapili mtoto aliamka nywele kavu, akaomba mkate. Jumatatu ilifika, mama alikaa naye siku nzima, hakumpeleka shule, akamtazama mpaka mtoto akalalamika kwamba anachungwa kama maziwa jikoni. Jua likazama. Hakuna aliyechukuliwa. Mama Nukta alilia kidogo akikatakata vitunguu, ili akiulizwa awe na jibu.

Miezi miwili baadaye kitabu kilitoka. Kilikuwa kizuri, kizito mkononi, faharasa yake safi, na mwisho wake ukurasa wa mia mbili themanini na nane, baada yake jalada. Aliweka nakala yake mezani alasiri moja, akavua viatu, akaanza kuchambua mchele.

Binti alikivuta. "Hiki si kile tulichosoma pamoja?"

"Ndicho."

"Nikusomee? Kama siku ile, na mikato yote."

Mama alitabasamu. Nafasi zilikuwa tupu, alikwisha kuzihakiki mara tatu. "Haya, soma."

Mtoto alifungua katikati, akakohoa kama mtangazaji. "Wachota maji, mkato, wakifika ukingoni, mkato, humwimbia," akasema, na bila kusita, bila hata kupunguza mwendo, akalitaja jina lote, tamu na la kuteleza, "nukta."

Mchele ulimwagika. Mama Nukta alizunguka meza, akamnyang'anya kitabu. Kati ya neno na nukta palikuwa na weupe mtupu, wa urefu wa neno moja. Alipitisha kidole juu yake. Palikuwa pakavu.

"Hapa hapana kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, hapa hapajaandikwa kitu. Umesoma nini?"

Mtoto alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee aliyepoteza miwani.

"Pameandikwa, Mama. Kila mahali pameandikwa." Alionyesha ukurasa, kisha ukuta mweupe nyuma ya mama yake, kisha kitambaa cheupe cha meza. Halafu akaisogeza bilauri yake mbele, na hewa ya majani yaliyooza ikapita juu ya meza.

"Niongezee maji."