Mume Wangu Yuko Futi Elfu Kumi na Mbili

“Picha Tatu, panda mpaka futi elfu kumi na nne. Kuna ndege ya abiria inashuka mbele yako, upande wa kulia.”

“Nikipanda sasa mstari wote unaharibika. Naomba dakika nne nimalize.”

Mwongoza ndege alitazama skrini. Alama ya ndege ya abiria ilikuwa bado mbali. Akapiga hesabu kichwani. Dakika nne zilikuwa salama, tano zingekuwa nyingi mno.

“Umepewa nne. Baki futi elfu kumi na mbili, kisha panda.”

“Nabaki elfu kumi na mbili dakika nne, kisha napanda elfu kumi na nne. Ahsante.”

“Karibu.”

Mgeni angewasikia asingejua kwamba hao ni mke na mume wa miaka sita.

Mume alikuwa rubani wa kupima ardhi kutoka angani. Ndege yake, iliyoitwa redioni Picha Tatu, ilikuwa na kamera tumboni, ikienda na kurudi, mstari kwa mstari, kama mtu anayelima tuta. Ikipanda au kushuka kidogo tu, picha hazishonani. Mke alikaa chumba cha rada akihakikisha hakuna ndege nyingine inayompitia katika kimo kile. Kwa hiyo kila siku ya mbingu safi walizungumza, na mazungumzo yao yote yalikuwa futi na dakika.

Miezi minane ilikuwa imepita tangu wamzike mtoto wao wa pekee, wa miaka mitatu, waliyemwita Kidoti. Wiki tatu baada ya mazishi, mume alihamia vyumba vya marubani karibu na uwanja, akasema kazi inaanza alfajiri. Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Mke aliendelea kupiga pasi sare, kula alichopewa, kucheka wenzake wakicheka. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini si wako.

Kilichomkaa kooni kilikuwa kitu kimoja. Siku ile, mtoto alipozidiwa hospitalini, mke alipiga simu ofisi ya kampuni ya mumewe. Aliyepokea ni wifi yake, dada mkubwa wa rubani, mpangaji wa safari zote za ndege zile.

“Wifi, mwambie ashuke. Mtoto anapumua kwa mashine.”

Dakika kumi baadaye wifi alimrudia kwa simu. “Nimemwambia. Amesema anamalizia mistari michache, anakuja.”

Mume alikuja baada ya muda wa saa tatu, mtoto ameshafunikwa shuka. Mke hakumuuliza kitu. Mwanaume aliyechagua picha utamuuliza nini?

Saa nne asubuhi alipata mapumziko, akaenda kunywa chai. Mwenzake wa meza ya pili alimfuata na kikombe chake. Walimwita Kobe, maana hata ndege zikijaa kama nzi kwenye embe, yeye aliongea polepole vile vile.

“Dada, nyinyi wawili mnaongea kama karani na mteja.”

“Tunaongea kazi, kaka.”

“Naona. Hayanihusu.” Kobe alipuliza chai. “Ila huwa namhurumia shemeji. Siku ile aliongea kwa furaha kabisa, hajui linalomsubiri.”

“Siku gani?”

“Siku ya msiba. Si mimi niliyekushikia zamu?”

“Furaha gani, Kobe?”

“Nilimpa pole ya mgonjwa redioni. Ilikuwa saa nane na nusu hivi. Akasema ngoja niulize ofisini. Aliporudi akaniambia, ni homa tu, ameshapewa dawa, yuko nyumbani na mama yake. Nikamshukuru Mungu.”

Mke aliweka kikombe chini. Saa nane na nusu. Yeye alikuwa amepiga saa nane na robo.

“Mbona hukuniambia?”

“Nilijua mmeshaongea. Dada, hapa nani angethubutu kukutajia siku ile?”

Alirudi kwenye meza yake, akavaa hedifoni. Alipobonyeza kitufe tu, sauti ya kwanza kuingia ikawa ya mumewe.

“Picha Tatu, naomba kurudi elfu kumi na mbili. Nimebakiza mistari sita.”

Swali lilikuwa limemjaa mdomoni. Lakini mawasiliano yale yalisikiwa na marubani saba wengine, na kila mmoja alikuwa na watu nyuma yake. Alitazama skrini, kimo kwa kimo. Palikuwa wazi.

“Shuka mpaka elfu kumi na mbili, Picha Tatu.”

“Nashuka elfu kumi na mbili.”

Aliwaongoza wote mpaka zamu ilipoisha saa nane, bila kukosea tarakimu hata moja. Kwenye ngazi akaandika ujumbe:

“Ukitua usiondoke. Nakuja kwenye banda lenu la ndege.”

Jibu liliingia akiwa njiani: “Nimetua. Kuna nini?”

“Nina swali.”

Alimkuta kando ya ndege, anafuta kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Alikuwa amekonda. Mke aliliona hilo kama mtu anayesoma kipimo.

“Siku ile,” alisema, “ofisi ilikuambia nini?”

Mume hakuuliza siku ipi.

“Niliondoka nyumbani ana homa kidogo, unakumbuka. Mchana nikaambiwa mmetoka hospitali, anaendelea vizuri. Nilipotua ndipo dada akasema umepiga sasa hivi. Akasema kabla ya hapo hukutaka nisumbuliwe kazini.”

“Nilipiga saa nane na robo. Nilisema ushuke. Nilisema anapumua kwa mashine.”

Kitambaa kilisimama juu ya kioo.

“Na mimi nikaambiwa umejibu kwamba unamalizia mistari,” mke aliendelea.

“Sikusema hivyo.”

“Najua. Nimejua leo.”

“Miezi minane umelala ukiamini nilisikia nikabaki juu?”

“Na wewe umelala ukiamini nilikuficha mtoto wako anakufa.”

“Mbona hukuniuliza?”

“Wewe mbona hukuniuliza?”

Fundi mmoja alipita na ndoo ya oili, akawaona, akageuza njia.

Ofisi ilikuwa pembeni mwa banda, chumba cha kioo. Wifi alikuwa ameinamia ramani kubwa, anapaka kijani mistari iliyokwisha kupigwa picha. Aliwaona wakiingia pamoja, akafunga kalamu kabla hawajasema neno.

“Mama Kidoti,” alisema. Tangu msiba hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo.

“Dada,” rubani alisema, “siku ile mwongoza ndege wa zamu aliponipa pole, nilikupigia redio. Nikakuuliza, kuna nini nyumbani.”

“Uliniuliza.”

“Ukanijibu nini?”

“Homa.”

“Na ulikuwa umeshaambiwa?”

“Nilikuwa nimeambiwa.” Wifi aliketi. “Wiki tano mawingu hayakufunguka. Siku ile yakafunguka. Nikasema mistari minne tu, dakika arobaini, kisha nitakushusha. Watoto huugua, wakapona. Nimelea watoto wangapi, na wewe ukiwa wa kwanza?”

“Dakika arobaini zilipoisha?”

“Alikuwa ameshafariki. Simu ya hospitali ilikuja nikiwa nimeshika redio kukuita.”

“Nikabaki juu mpaka saa kumi na moja.”

“Sikuweza kukwambia ukiwa angani. Ukashuka, nikashindwa kukwambia ukiwa chini. Kila mmoja nikampa neno lake, nikidhani yatapoa.”

“Ungesema, dada. Hata kesho yake. Hata mwezi uliofuata.”

“Ningekupoteza. Mama alipokufa nilikubeba mgongoni una miaka miwili. Sina ndugu mwingine.”

Rubani alitoa funguo za ndege mfukoni, akaziweka juu ya ramani.

“Kesho sirushi.”

“Na keshokutwa?”

“Sijui, dada.”

Wifi alianza kulia, kwa sauti ya chini, uso ameuachia wazi. Mke alimtazama. Aliingoja hasira ije, maana ilikuwa haki yake. Haikuja. Aliona tu mwanamke wa makamo mwenye wino wa kijani vidoleni.

“Wifi, leo sina la kukwambia,” alisema. “Siku nikiwa nalo, nitakuja mwenyewe. Usinifuate.”

“Nimesikia.”

Walirudi nyumbani kwa gari la mke. Kwenye taa nyekundu mume aliuliza kama bado wanauza mkate pale kona, na mke akasema wamefunga. Jua lilikuwa bado juu walipoingia jikoni. Mume alivuta kiti, akakaa kama mgeni, mikono magotini.

“Nisimulie,” alisema.

“Nini?”

“Siku ile. Tangu nilipofunga mlango asubuhi. Sijawahi kusimuliwa.”

Mke akakaa upande wa pili. Alianza bila kupamba: uji aliokataa mtoto, homa iliyopanda saa tatu, muuguzi aliyekosa mshipa mara mbili, daktari aliyekuja anakimbia. Alitaja saa na dakika kama alivyozoea kuzitaja kazini. Mume hakumkatiza mpaka mwisho.

“Aliniulizia mimi?”

Mke alijua jibu analolitaka, na lilikuwa rahisi kumpa. Lakini uongo wa huruma ndio uliokuwa umewafikisha hapo.

“Hapana. Aliomba maji. Wakakataza asipewe. Akalala.”

Mume aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mke alinyoosha mkono, akauweka shingoni mwake, akasikia joto lake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kiganja chake kusikia kitu.

“Utalala hapa?” aliuliza.

“Ukiniruhusu.”

“Mashuka yako yako kabatini, nilipoyaacha.”

Kisha mume akajifuta uso kwa mkono wa shati.

“Anza tena,” alisema. “Kwenye uji.”

Akaanza tena. Mara hii hakutaja saa. Alitaja jinsi mtoto alivyosukuma kijiko, alivyoficha uso kwenye mto, alivyocheka kidogo homa iliposhuka ikampa nafasi. Alipofika kwenye maji, sauti yake ikakatika. Alijaribu kuirudisha, ikakataa. Mume alimshika mikono yote miwili juu ya meza, akamngoja alie.