Sauti ya Saa Nane

Binti aliyekufa miezi minne iliyopita alinyamaza siku ya Jumanne, saa nane kamili mchana.

Mama yake alikuwa ameketi sebuleni, simu mapajani, akimsubiri. Kila siku saa hiyo programu ya kukumbusha dawa, aliyoitengeneza binti mwenyewe, ilisema kwa sauti yake: "Mama, saa nane. Mwambie kaka akuletee maji." Kaka mtu, naye mwandishi wa programu kama dada yake, huinuka kimya na kuleta glasi. Siku hiyo ililia kengele tu.

Saa tisa kasoro robo mama alikuwa dukani kwa fundi simu, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Bisibisi. Jina lilitokana na bisibisi anayoichomeka kwenye nywele, na pia na tabia yake ya kuchokonoa ya watu.

"Nirudishie mwanangu," mama alisema. Alivunja kidonge cheupe katikati, akameza nusu bila maji. "Daktari kanipunguzia mwezi uliopita. Huyu naye kaninyamazia leo."

Fundi alipekua simu. Saa nne asubuhi ile programu ilikuwa imepokea toleo jipya, na toleo hilo lilifuta sauti zote zilizorekodiwa.

"Mama, nani anatoa matoleo mapya siku hizi?"

"Hakuna. Mwenye kuyatoa tumemzika."

Vinyweleo vilimsimama Bi Bisibisi, na si mtu wa kutishika ovyo. Alieleza polepole. Kila toleo hutiwa muhuri kwa ufunguo wa siri wa aliyeitengeneza programu. Ufunguo ukiwa mwingine, simu inalikataa.

"Ufunguo wake ulikuwa wapi?"

"Ndani ya kompyuta yake, basi. Yule mshirika wake alimgombeza kila siku aweke nakala mahali pa pili. Akawa anasema kesho, kesho."

Na kompyuta ilipotea mchana ule ule alipoanguka kwenye ngazi za ofisi. Polisi walisema aliteleza, kisha kibaka akapita na mkoba wenye kompyuta. Jalada likafungwa.

"Basi aliyetoa toleo la leo anayo kompyuta," fundi alisema, "na mwenye kompyuta alikuwepo ngazini."

Mama alishika ukingo wa meza. "Na sauti yake?"

"Ile ya asili imo humo humo. Tukimpata mtu, tumeipata sauti."

Saa kumi na nusu Bi Bisibisi alikuwa ofisini kwa mshirika, anayeitwa Mchoraji kwa kuwa ndiye aliyechora kurasa za programu. Alizipanda zile ngazi akihesabu vidato bila kutaka: kumi na saba. Alijua kwamba wiki moja kabla ya kifo wawili hao walikuwa wamegombana hadi majirani wakasikia, na kwamba Mchoraji ana nywila ya akaunti yao ya duka la programu.

"Unanishuku mimi?" Mchoraji aliuliza. Mezani kwake kulikuwa na simu sita za kujaribia, nyingine kuukuu za kioo kidogo. "Tuligombania huo huo ufunguo! Tazama." Alimwonyesha majibu matatu ya duka, yote ya baada ya mazishi: toleo limekataliwa, ufunguo haulingani. "Programu inakwama kwenye simu za zamani, watu wananitukana, nami natazama tu. Ningekuwa nao, ungenikuta nimekonda hivi?"

Kweli alikuwa amekonda. Bi Bisibisi alimwomba afungue ukurasa wao dukani.

"Hata picha hizi za skrini zilizokuja na toleo la leo si zangu!" Mchoraji alifoka. "Tazama uvivu huu. Picha za dukani unaweka dawa za kubuni. Huyu kapiga ratiba halisi ya mtu."

Fundi alisogeza uso. *Kidonge cheupe, nusu. Saa nane mchana.* Alisoma mara mbili, kisha akaketi.

Jumatano, saa nane kasoro dakika kumi, alikuwa sebuleni kwa mama. Askari aliyelifunga jalada alisimama mlangoni, uso chini. Kaka mtu aliketi karibu na jagi la maji.

"Kaka, nani aliandika 'nusu' kwenye simu ya mama?"

"Mimi. Macho yake hayaoni vizuri. Kwani ni kosa?"

"Si kosa. Ila hiyo nusu iko dukani, dunia nzima inaiona." Aliweka picha mezani. "Marehemu hakuijua. Mchoraji haijui. Anaijua daktari, mama na wewe, na daktari hajui kutengeneza programu."

Kaka aliitazama simu iliyokuwa mapajani mwa mama, si picha.

"Sikumsukuma," alisema mwishowe. "Nusu ya programu ile niliiandika mimi, mama. Ilipotoka, ukurasani kuna jina lake peke yake. Nikamwambia arekebishe, akacheka, akasema kesho. Nilivuta mkoba, akang'ang'ania mkanda, ukakatika."

"Ukamwacha?" mama aliuliza.

"Aliniita. Kaka. Mara mbili. Nikashuka na mkoba. Tangu hapo kila siku saa nane ananiita tena, na mimi naleta maji. Nilitaka anyamaze tu, mama. Siku moja tu."

Kengele ililia. Hakuna aliyegusa jagi.

Kompyuta ilikutwa juu ya dari ya chumba cha kaka, imefungwa kwenye shuka. Ijumaa, kwa ruhusa ya askari, Bi Bisibisi alinakili rekodi na kuirudisha kwenye simu. Aliuliza kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza akiona haya kuchokonoa:

"Mama, pale anapomtaja kaka, naweza kupaondoa."

Machozi yalimtoka mama bila kelele.

"Paache. Wanangu wote wawili wamo humo."

Saa nane ilipofika, sauti ilisema yake yote, hadi mwisho. Mama alivunja kidonge, akashika mkono wa kiti, akainuka mwenyewe kwenda kuchota maji.